Kuwasha tanuri la mikate lenye bana ya gesi ya hatua mbili

Vijana wanaoanza kazi ya tanuri hapa Nakuru huniuliza maswali mawili kuliko mengine yote. La kwanza: "Fundi, mbona feni inazunguka na moto hauwaki?" La pili: "Kile kitufe chekundu cha kuirudisha bana kazini ikijifunga, nikibonyeze mara ngapi?" Nimeyajibu kwa simu saa kumi alfajiri, nimeyajibu nikiwa nimelala kifudifudi sakafuni na tochi mdomoni. Leo nayaandika. Feni ikizunguka bila moto kwa nusu dakika, usiguse kitu. Bana, yaani kichomeo cha gesi, iko kazini, inafukuza gesi yoyote iliyobaki ndani kabla ya kutoa cheche. Na kitufe chekundu ni mara moja tu. Bana ikijifunga tena, zima, utafute sababu.

Nazungumzia tanuri la toroli, lile ambalo toroli zima la mikate linaingizwa na kuzungushwa ndani, linalopashwa na bana yenye feni yake. Bana hiyo ina hatua mbili: moto mdogo na moto mkubwa. Ikiwa tanuri lako huwashwa kwa kiberiti, utaratibu huu si wake. Na pale kitabu cha bana yako kinaposema tofauti na mimi, fuata kitabu.

Jambo moja kuhusu gesi yenyewe, kisha tuingie kazini. Gesi yetu ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea dirishani; hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, ikatuama kwenye mtaro na chini ya meza ya kukandia. Kwa asili haina harufu. Ile harufu mbaya unayoijua hutiwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Lakini pua ya mwokaji imezoea hamira na sukari iliyoungua, kwa hiyo ukisimama wima na kusema "sisikii kitu", hujakagua chochote.

Viwe tayari kabla hujaanza

- Chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, ya kukagulia viungo vya mabomba.
- Tochi. Hakuna kazi ya kiberiti hapa, hata ya kuchungulia.
- Kizima moto cha poda kavu, kiwe karibu na mlango wa kutokea. Kikiwekwa nyuma ya tanuri utalazimika kuuvuka moto ili ukifikie.
- Brashi laini ya rangi, kwa ajili ya vumbi la unga. Utaona baadaye kwa nini naipenda brashi hii kuliko spana.
- Saa ya presha kwenye bomba, baada ya regulata.
- King'ora cha kaboni monoksaidi, kifungwe mahali wafanyakazi wanaposimama. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo huua.
- Kitabu cha bana. Kikipotea, soma kibati kilichopigwa kwenye bana, uchukue namba ya modeli, umwombe aliyekuuzia.
- Daftari na kalamu.

Mitungi ikae nje, wima, ndani ya kizimba chenye kivuli, mbali na mtaro na shimo lolote. Usijaribu kuendesha bana hii kwa mtungi mmoja na regulata ya jiko la nyumbani. Bana ya kilowati 60 ikiwa kwenye moto mkubwa hula kati ya kilo 4 na 5 za gesi kwa saa, na mtungi mmoja wa kilo 50 hauwezi kugeuza kimiminika kuwa gesi kwa kasi hiyo asubuhi ya baridi. Ndiyo maana tunaunganisha mitungi mitatu au minne. Regulata nayo itoe presha iliyoandikwa kwenye kibati cha bana. Utakuta milibari 30, 37 au 50; usikisie.

Kuwasha

1. Fungua milango na madirisha, piga goti, nuse karibu na sakafu: kando ya bana, chini ya bomba, kwenye mtaro. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala kuizima, usichomoe plagi, usipige simu ukiwa ndani. Toa watu, funga mitungi kama unaweza kuifikia bila kupita ndani, kisha piga 999 au 112 ukiwa mbali.

2. Kagua njia ya hewa na njia ya moshi. Mahali bana inapovutia hewa pasiwe na unga, gunia wala katoni. Kama tanuri lililala siku kadhaa, angalia dohani kule juu. Ndege hawachelewi kujenga.

3. Hakikisha swichi ya bana imezimwa na themostati iko chini kabisa. Ndipo uende kwenye mitungi. Fungua valvu polepole, robo mzunguko kwanza, ngoja sekunde chache, kisha malizia. Ukifungua kwa kishindo, regulata nyingi hudhani bomba limekatika na kujifunga zenyewe, halafu utapoteza nusu saa ukilaumu bana.

4. Pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo, kuanzia mtungi hadi valvu za bana. Tazama kwa tochi na kwa subira. Uvujaji mkubwa hutoa povu mara moja. Ule mdogo hujenga kiputo kimoja kama punje ya mtama, kikakua, kikapasuka, kikaanza kingine. Hicho kidogo ndicho kinachojaza chumba usiku kucha. Kila mtungi unapobadilishwa, rudia hatua hii, hata kama aliyebadilisha ni mimi.

5. Soma saa ya presha, uandike kwenye daftari.

6. Washa umeme mkuu, kisha feni ya ndani ya tanuri, ile inayozungusha joto. Feni hii hutangulia bana siku zote. Moto ukiwaka bila feni hiyo, joto halina pa kwenda, na mabati ya chumba cha moto hupasuka. Acha mlango wazi dakika mbili, hakikisha hakuna treyi iliyoanguka ndani, sikia upepo kwa kiganja, halafu funga.

7. Weka swichi ya hatua kwenye moto mdogo. Pandisha themostati hadi nyuzi 150. Washa swichi ya bana, usogee pembeni. Usisimame mbele ya bana wala mbele ya mlango wa kukagulia.

8. Sasa sikiliza. Feni ya bana itaanza na kupanda sauti. Swichi ndogo ya hewa itahakikisha kwamba upepo upo kweli. Isipoupata, kazi inaishia hapo. Upepo utapita kwenye chumba cha moto kwa sekunde 30 au zaidi. Hapa ndipo wanaoanza hupatwa na kiherehere. Hesabu kwa sauti ikiwa mikono inakuwasha. Baadaye kilango cha hewa kitarudi nyuma kidogo, utasikia cheche zikitatarika, halafu "tak" ya valvu za gesi kufunguka, na moto utashika kwa pumzi moja laini. Tangu valvu zifunguke, bana nyingi za aina hii huupa moto sekunde tatu hivi uonekane. Usipoonekana, valvu hufungwa, taa nyekundu huwaka, na bana hujifunga.

9. Chungulia kwenye kidirisha cha moto. Unataka moto wa buluu uliosimama imara, wenye manjano kidogo tu kwenye ncha. Ukiyumba na kulamba ukuta, au ukiwa wa manjano mtupu, zima.

10. Acha moto mdogo ufanye kazi dakika 15 hadi 20. Mimi siruki hatua hii hata wateja wakiwa mlangoni. Chuma baridi kikipigwa na moto mkubwa ghafla hutanuka upande mmoja kabla ya mwingine, na nyufa huanzia kwenye maungio. Ufa kwenye chumba cha moto maana yake ni moshi kuingia kwenye mikate na kwenye mapafu ya watu.

11. Pandisha themostati hadi joto la kazi, tuseme nyuzi 220 kwa mkate wa kawaida, na ugeuze swichi ya hatua iwe mbili.

Hatua ya pili inavyoingia

Simama kwenye kidirisha mara ya kwanza ujionee. Kwanza kilango cha hewa kinafunguka zaidi na sauti ya feni inabadilika, ndipo valvu ya pili inapofunguka na moto kurefuka. Hewa hutangulia, gesi hufuata. Wakati wa kushuka ni kinyume: gesi hupungua kwanza, hewa ikafuata. Mpango huu ukivurugika, moto hupata gesi nyingi kuliko hewa, unageuka manjano na kumwaga masizi.

Tanuri likikaribia joto ulilolitaka, themostati ya hatua ya pili huachia, na bana hurudi kwenye moto mdogo ikilishikilia joto hapo. Hii si hitilafu. Kijana mmoja wa Njoro alinipigia simu akisema bana yake "imechoka", kumbe ilikuwa inafanya kilekile ilichonunuliwa kufanya. Ukiingiza toroli la mikate mibichi joto litashuka, na hatua ya pili itaingia yenyewe. Usikae ukiigeuza kwa mkono kila dakika tano.

Suala la mwinuko ni letu sisi wa huku. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ina uzito wa takriban asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, inapata kama asilimia 88. Eldoret, kwenye mita 2,100, asilimia yake iko chini ya ile ya Nakuru. Feni ya bana hupuliza ujazo uleule popote ilipo, lakini huku juu ndani ya ujazo huo mna oksijeni kidogo. Kwa hiyo bana iliyorekebishwa Kisumu ikaletwa Nakuru bila kuguswa itawaka kwa njaa ya hewa. Ukinunua tanuri lililotumika, uliza lilikuwa mji gani, na uite fundi mwenye kifaa cha kupima moshi alirekebishe upya, hatua zote mbili, moja baada ya nyingine. Kurekebisha kwa macho hakutoshi. Moto unaweza kuonekana mzuri na bado ukatoa kaboni monoksaidi.

Kwa nini kitufe ni mara moja

Nilipokuwa msaidizi katika kiwanda kimoja kidogo cha mikate, mwenzangu alinitangulia kazini asubuhi moja ya Julai. Bana ilikuwa imejifunga. Akabonyeza kitufe, ikajifunga. Akabonyeza tena. Alikuwa na mikate ya mitaa ya Bondeni na Free Area ya kutoa kabla ya saa kumi na mbili, na alibonyeza mara nyingi kiasi kwamba baadaye hakukumbuka ni ngapi. Mambo mawili hakuyajua. Mabawa ya feni yalikuwa yamejaa unga hata upepo ukawa haba. Na swichi ya hewa, ambayo ingekataa kuendelea bila upepo wa kutosha, wiki iliyotangulia mtu alikuwa ameipiga dairekti, yaani ameiruka kwa kipande cha waya, ili kazi isisimame. Basi kila jaribio lilimwaga gesi ya sekunde chache, na hakuna kilichoifukuza.

Ilipowaka, iliwaka yote kwa pamoja. Mlango wa chuma wa kukagulia uling'oka na bawaba zake ukapiga ukuta. Nilimkuta amekaa kwenye gunia la ngano, mkono wa kulia ameuinua mbele yake kama mtu aliyebeba kitu, ngozi imelegea kuanzia kiwiko hadi vidole. Alipona, ila kidole kidogo hakikunjiki mpaka leo.

Kwa hiyo: kitufe mara moja, baada ya kungoja dakika tano angalau. Ikijifunga tena, funga gesi, zima umeme, uanze kutafuta. Na swichi yoyote ya usalama ikipigwa dairekti, hata kwa saa moja, tanuri halichomi mkate.

Kuzima, na stima ikipotea

Shusha themostati, acha bana izime yenyewe, kisha zima swichi yake. Feni ya ndani iendelee hadi kipimajoto kishuke chini ya nyuzi 100. Funga mitungi mwisho wa zamu, wala usitegemee koki ya ndani peke yake.

Stima ikikatika, valvu za gesi hujifunga zenyewe, hilo lisikutie hofu. Kinachohitaji mkono wako ni mambo mawili. Fungua mlango wa tanuri utoe joto, maana feni imesimama. Na zima swichi ya bana mara moja. Usipoizima, stima itarudi wakati umeinama na kichwa chako kiko ndani, na bana itaanza mzunguko wake upya bila kukuuliza. Umeme ukirejea, anza tena kuanzia hatua ya sita.

Ikikataa

*Feni inazunguka, muda wa kutosha unapita, hakuna cheche.* Swichi ya hewa haijaridhika. Zima umeme na gesi, toa kifuniko, tazama mabawa ya feni. Katika viwanda vya mikate, mara nyingi jibu ni unga. Hugandamana kwenye mabawa kama utando wa plasta, hasa siku za mvua. Usafishe kwa brashi ile, kavu, kisha na kamrija kembamba kanakokwenda kwenye swichi ya hewa.

*Cheche ipo, moto haushiki.* Gesi haifiki. Je, mitungi iko wazi? Presha inasomeka? Kama mitungi imebadilishwa sasa hivi, kuna hewa kwenye bomba, na fundi ndiye wa kuitoa kwa njia salama. Angalia pia kauri ya elektrodi ya cheche. Ufa mwembamba kama unywele huifanya cheche irukie pembeni.

*Moto unashika vizuri, kisha unazima baada ya sekunde chache.* Bana haiuoni moto. Kihisi moto, ule ufito uliosimama ndani ya mwali, hufanya kazi kwa mkondo wa umeme mdogo mno, wa maikroampea chache tu, hivyo utando wa masizi unatosha kuuzuia. Usugue taratibu kwa steelwuli laini, usiupinde. Ukiwa msafi na tatizo lipo palepale, tazama umeme. Mkondo huo mdogo hurudi kwa njia ya waya wa ardhi. Waya wa ardhi ukiwa mbovu, au nyaya za laini (ule wenye moto) na nyutro zimebadilishana kwenye soketi, bana nyingi zitawaka na kuzima hivyohivyo hadi kesho.

*Inafanya kazi kwa stima ya kawaida, inakataa kwa jenereta.* Ni ugonjwa uleule. Jenereta nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na ardhi. Hii ni kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa. Usichomeke waya mwenyewe.

*Hatua ya kwanza iko sawa, ya pili ikiingia inazima.* Tazama saa ya presha wakati hatua ya pili inaingia. Ikianguka, gesi haitoshi. Nenda kwenye mitungi uguse. Ikiwa imelowa jasho au imeshika barafu kwa nje, inatumika kuliko uwezo wake. Dawa ni kuongeza mtungi, au kubadili ule unaokaribia kuisha. Nimeona watu wakimwagia mtungi maji ya moto, na mara moja nimeona mtu ameweka jiko la makaa karibu yake. Mtungi ukipashwa moto, presha ndani hupanda hadi valvu ya usalama kufunguka na kumwaga gesi, juu ya jiko hilohilo.

*Moto wa manjano, masizi, wafanyakazi wanalalamika kichwa.* Zima sasa hivi, toa watu nje, wapumue. Hata kama toroli liko ndani na mikate haijaiva. Usiwashe tena kabla fundi hajapima moshi na kukagua chumba cha moto kama kina ufa.

*Kikomo cha joto, swichi inayozima bana joto likizidi, kinakata.* Feni ya ndani haisukumi hewa. Anza na mkanda wake: uliolegea hupiga kelele kama panya wakati tanuri likiwa baridi, kisha hunyamaza. Kikomo hiki kwenye matanuri mengi hurudishwa kwa mkono. Kabla ya kukirudisha, andika kwenye daftari saa, joto na hatua bana iliyokuwa nayo. Kikikata mara mbili kwa wiki moja, fundi akija mpe daftari hilo kabla hajafungua hata skrubu moja.